Ofisi imebana mtandao na faili lako liko nyumbani: namna ya kulifikia kwa usalama

Hii naiandika kwa wenzangu wa maofisini, wa Posta, wa Mikocheni, wa Nairobi na kwingineko, ambao kompyuta ya kazini ukifungua Google Drive inakwambia ukurasa umezuiwa, ukichomeka flashi haisomi, ukijaribu AnyDesk, ile programu ya kuendesha kompyuta ya mbali, inazunguka tu mpaka inakata tamaa, na wakati huohuo lile faili unalolitaka, iwe cheti ulichoskani, rasimu ya ripoti uliyomalizia usiku au picha za vipimo vya saiti, limekaa kwenye kompyuta nyumbani Mbagala na huwezi kupanda daladala kwenda kulifuata halafu urudi kwenye kikao cha saa nane. Njia zipo, na moja ni ya bure kabisa. Shida ni kwamba nyingi ya zile utakazoelekezwa mtaani zinakuacha pabaya, ama kompyuta ya nyumbani inabaki wazi kwa dunia nzima, ama wewe unaitwa HR kujieleza.

Msimamo wangu nautoa mapema ili ujue kwanini nachagua nitakachochagua. Kompyuta ya nyumbani ndo itoke yenyewe kwenda nje kukutana na wewe, kwenye ruta usifungue poti hata moja, yaani ile milango yenye namba ambayo mawasiliano ya mtandao yanapitia, na kompyuta ya ofisi usiipe ufunguo wowote wa nyumbani kwako maana ile mashine sio yako. Ukishika hayo matatu, mengine yote ni setingi tu.

Anza na mtu wa IT

Najua wengi mnataka kuruka hapa. Usiruke. Ofisi haijabana mtandao kwa roho mbaya, Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye poti 445, ile ya Windows ya kushea mafaili, kikafunga kompyuta za mahospitali ya Uingereza na makampuni nchi kibao ndani ya siku chache, na tangu hapo kila mtu wa IT mwenye akili timamu anafunga kila kitu halafu anafungua kimojakimoja kwa sababu maalum. Juu ya hapo kuna sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, Kenya wanayo yao ya 2019, kwa hiyo taarifa za wateja zikivuja kupitia mashine yako sio wewe tu utakayeulizwa, ofisi nzima itaulizwa.

Mtumie meseji fupi, ya heshima, inayosema unachotaka hasa, mfano hivi: "Habari za kazi kaka. Samahani, kuna nyaraka zangu binafsi ziko kwenye kompyuta ya nyumbani na huwa nazihitaji mara mojamoja nikiwa kazini. Naomba kujua kama sera yetu inaruhusu kufungua tovuti moja tu, ya kwangu mwenyewe, kwa HTTPS poti 443, ina uthibitisho wa hatua mbili. Sitaweka programu yoyote kwenye mashine ya ofisi. Kama hairuhusiwi niambie tu, nitatumia simu yangu." HTTPS ni ile njia iliyofichwa ambayo brauza inafungulia tovuti. Ukiandika hivo anajua unajua unachoomba, na mara nyingi atakujibu ndani ya siku hiyohiyo. Akikubali mwombe akujibu kwa imeili ya ofisi sio kwa WhatsApp, ili siku akihama au bosi akibadilika uwe na pa kuonyesha.

Kama uko benki, hospitali, kampuni ya simu au ofisi ya serikali inayoshika mifumo nyeti, mimi nakushauri hata usiombe kwa kompyuta ya kazini, nenda moja kwa moja kwenye njia ya simu hapo chini.

Kingine cha wa Bongo: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitoa tangazo la kuwataka watu binafsi na makampuni wanaotumia VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuunganisha vifaa kupitia intaneti, wajisajili, wakaweka mwisho tarehe 30 ya mwezi ule. Njia ninayoipendekeza inatumia teknolojia ya VPN japo haikufungulii tovuti zilizofungiwa, inaunganisha vifaa vyako wewe mwenyewe tu, lakini bado ni VPN, kwa hiyo fuata utaratibu wao wa usajili ukae na amani.

Kwanini ushauri wa zamani haufanyi kazi tena

Ukitafuta mtandaoni utakuta maelekezo ya miaka ya nyuma yanasema ingia kwenye ruta, fungua poti 3389 ya Remote Desktop, ile ya Windows ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, ielekeze kwenye kompyuta yako, basi. Usifanye. Kwanza kuna roboti zinazunguka intaneti nzima mchana na usiku zinagonga hiyo poti zinajaribu paswedi, na mwaka 2019 iligundulika BlueKeep, tundu kwenye Remote Desktop ya Windows za zamani ambalo mtu aliweza kuingia bila hata paswedi. Pili, kwa wengi wetu haitafanya kazi hata ukifungua, maana mitandao ya simu na baadhi ya faiba wanawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Kuhakikisha ni rahisi, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako uangalie IP ya upande wa nje, yaani WAN, ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 basi huna anwani yako mwenyewe ya nje, uko kwenye kundi, na hakuna mtu wa nje anayeweza kukufikia moja kwa moja.

Hiyo ni habari njema lakini, ukiiangalia vizuri. Inakulazimisha kufanya kitu salama zaidi. Fayawoli, ya ruta yako na hata ya ofisini, inafanya kazi kama mlinzi wa geti ambaye anayetoka hamuulizi sana lakini anayeingia anamsimamisha. Kwa hiyo tunaweka programu kwenye kompyuta ya nyumbani inayotoka yenyewe, inaenda kukaa kwenye kituo cha katikati, na simu yako nayo inatoka inaenda kituo kilekile, wanatambuana, wanapeana funguo, halafu wanaongea wao kwa wao kwa njia iliyofichwa. Poti hakuna iliyofunguliwa.

Andaa kompyuta ya nyumbani kwanza

Hapa ndo watu wengi wanakwama, na sio mambo ya mtandao, ni umeme. Kompyuta ikilala au ikizimika wewe uko Posta huna la kufanya. Ingia kwenye setingi za nguvu, weka isilale ikiwa kwenye chaji, skrini izime haina shida. Kama ni deskitopu ingia BIOS, ile menyu ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, tafuta sehemu inayoandikwa "Restore on AC Power Loss" au jina linalofanana na hilo, weka "Power On", hapo Tanesco wakikata na kurudisha mashine inawaka yenyewe. Kama ni laptopu betri yake itaibeba, ila ruta haina betri, kwa hiyo nunua ile UPS ndogo ya ruta ya volti 12, inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Na uwaambie wa nyumbani. Mdogo wako au dada wa nyumbani akiona kompyuta inawaka na hakuna mtu atazima swichi ukutani kwa nia njema kabisa ya kuokoa yuniti za LUKU, bandika karatasi pale kwenye soketi, andika kwa herufi kubwa USIZIME.

Kama intaneti ya nyumbani ni bando na sio ya kulipia mwezi, weka hiyo waifai kuwa "metered" kwenye Windows, la sivyo masasisho yatakula GB zote usiku mmoja. Ila usiyaache moja kwa moja, wikiendi kaa uyaruhusu. Na kama bado uko Windows 10, Microsoft walisitisha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mashine inayoachwa wazi masaa 24 isiwe na mfumo usiopata masasisho ya usalama, hamia 11 au weka Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows.

Kuhusu kuficha diski, BitLocker ni nzuri na iwashe kama unayo, ila fahamu kwamba VeraCrypt ukiificha diski yote ya mfumo inaomba paswedi kabla ya Windows kuwaka, kwa hiyo umeme ukikata na kurudi itakaa pale inakusubiri na wewe uko kazini. Kwa matumizi haya BitLocker ya kawaida isiyoomba PIN mwanzoni ndo inafaa.

Mwisho tengeneza folda moja, C:\Ofisi, weka humo tu vitu ambavyo unaweza kuvihitaji. Sio diski yote. Sio picha za harusi, sio nakala ya kitambulisho cha NIDA cha mama. Siku likitokea la kutokea, mwizi akute folda moja asikute maisha yako yote.

Njia ninayoipendekeza: simu yako, bando lako

Hii haigusi mtandao wa ofisi hata kidogo, kwa hiyo hakuna sera ya mtandao unayoivunja, labda tu kama ofisi yenu inakataza simu binafsi. Tunatumia Tailscale, programu ya VPN inayounganisha vifaa vyako, ambayo kwa matumizi binafsi ni bure na ndani yake inatumia WireGuard, mfumo wa kuficha mawasiliano ulioaminika mpaka ukaingizwa ndani ya kiini cha Linux mwaka 2020.

Kabla hujaiweka, chagua akaunti utakayoingilia, Google au Microsoft, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye hiyo akaunti. Hii akaunti sasa ndo ufunguo mkuu wa nyumba, mtu akiipata amepata vyote, kwa hiyo usiwe mvivu hapa, na tumia programu ya kutoa namba kwenye simu badala ya SMS, maana laini zinaibiwa kwa kusajiliwa upya.

Weka Tailscale kwenye kompyuta ya nyumbani, ingia, halafu kwenye menyu yake washa "Run unattended" ili ifanye kazi hata kabla mtu hajafungua Windows. Weka kwenye simu, ingia kwa akaunti ileile. Kila kifaa kitapata namba yake inayoanza na 100, usishangae inafanana na ile ya ruta niliyoisema juu, wanatumia fungu lilelile la namba. Sasa ingia ukurasa wa usimamizi wa Tailscale, tafuta kompyuta ya nyumbani uchague "Disable key expiry", kwa sababu bila hivo ufunguo unaisha kila baada ya siku 180 na itakugomea siku ambayo unahitaji kweli. Simu iache iendelee kuisha muda wake, ile unayo mkononi, kuingia upya ni dakika moja.

Hapo vifaa vinaonana lakini mafaili bado. Kwa mafaili tunatumia SFTP, njia ya kuhamisha mafaili ambayo inapita ndani ya SSH, yaani njia iliyofichwa ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali. SSH iliandikwa 1995 na Tatu Ylönen kule Finland baada ya mtandao wa chuo chake kunaswa na wezi waliokuwa wanasoma paswedi za watu zikipita wazi, na ndo maana mpaka leo nikiona mtu anawasha FTP ya kawaida, ile njia ya zamani ya kuhamisha mafaili, nyumbani namwomba aizime, ile bado inapitisha paswedi bila kuficha.

Fanya hivi kwenye kompyuta ya nyumbani. Tengeneza yuza mpya wa Windows asiye na mamlaka ya msimamizi, mwite ofisi, mpe paswedi ndefu. Mpe ruhusa ya folda ya C:\Ofisi. Halafu kwenye Settings tafuta "Optional features", ongeza "OpenSSH Server". Ikimaliza fungua PowerShell, lile dirisha la Windows la kuandika amri, kama msimamizi uandike:

Start-Service sshd
Set-Service -Name sshd -StartupType Automatic

Sasa toka, ingia Windows kama yule yuza ofisi, lazima uingie kweli angalau mara moja maana folda yake ya C:\Users\ofisi haitengenezwi mpaka aingie. Ukiwa humo fungua PowerShell uandike:

ssh-keygen -t ed25519

Itakuuliza pa kuhifadhi, bonyeza Enter, itakuuliza paswedi ya ufunguo, weka, usiache tupu. Utapata mafaili mawili kwenye folda ya .ssh, lenye mwisho wa .pub ni kufuli, lisilo na mwisho ni ufunguo. Andika:

cd ~\.ssh
copy id_ed25519.pub authorized_keys

Angalia jina lisije likawa na .txt mwishoni, Notepad inapenda kuiongeza kimyakimya na hapo utahangaika nusu siku. Lile faili la ufunguo, id_ed25519, lihamishie kwenye simu kwa waya wa USB, sio kwa WhatsApp, sio kwa imeili, kisha lifute kwenye kompyuta. Nimesisitiza yuza asiwe msimamizi kwa sababu mbili, ya kwanza ni usalama, ya pili ni kwamba Windows ikiona yuza ni msimamizi haisomi hilo faili la authorized_keys, inasoma lingine lililoko C:\ProgramData\ssh, na hilo limewachosha watu wengi sana wakidhani ufunguo wao mbovu.

Rudi kwenye akaunti yako ya kawaida, fungua Notepad kama msimamizi, fungua C:\ProgramData\ssh\sshd_config. Tafuta mstari wa PasswordAuthentication, toa alama ya # mwanzoni na uandike no. Hakikisha uko juu ya mistari yoyote inayoanza na Match. Halafu mwisho kabisa wa faili ongeza:

Match User ofisi
ChrootDirectory C:\Ofisi
ForceCommand internal-sftp

Maana yake ni kwamba anayeingia kama ofisi anaona folda hiyo tu na hawezi kuendesha amri yoyote. Hifadhi, halafu Restart-Service sshd kwenye PowerShell.

Bado moja. Fungua fayawoli ya Windows ile ya ndani yenye "Inbound Rules", tafuta kanuni ya OpenSSH, ingia sehemu ya "Scope", upande wa anwani za mbali andika 100.64.0.0/10. Kwa hiyo hata mgeni aliyepewa waifai ya nyumbani hawezi kuigonga hiyo poti, ni vifaa vya Tailscale tu.

Kwenye simu sasa, ya Android tumia Solid Explorer au programu nyingine ya mafaili inayosoma SFTP na inayokubali ufunguo badala ya paswedi, na za iPhone zipo pia. Anwani ni ile namba ya 100 ya kompyuta, poti 22, yuza ofisi, chagua faili la ufunguo. Mara ya kwanza itakuonyesha alama ya vidole ya seva, yaani maandishi yanayoitambulisha kompyuta yako ya nyumbani, na kukuuliza unaiamini, linganisha na ile ya nyumbani kama unaweza, kubali, na siku nyingine ikikuuliza tena bila wewe kubadilisha kitu chochote usikubali harakaharaka.

Jaribu ukiwa nyumbani kabla hujategemea. Zima waifai kwenye simu, tumia bando, washa Tailscale, fungua folda. Ukitaka kujua njia inayopita, kwenye kompyuta andika tailscale ping na jina la simu yako, ikisema via DERP(nai) ujue mawasiliano yanapitia kituo chao cha Nairobi, ikionyesha anwani ya kawaida ya IP basi vifaa vinaongea moja kwa moja na spidi itakuwa nzuri zaidi. Kote kuwili faili limefichwa, kituo hakiwezi kulisoma.

Ukiwa kazini unavuta faili kwenye simu, na likihitajika kwenye kompyuta ya ofisi unalituma kwa imeili yako ya ofisi. Watu wananiuliza mbona mzunguko, kwani nisiunganishe simu kwa waya. Kwa sababu imeili ya ofisi ina kichujio chake, inakagua kirusi, inaacha kumbukumbu, kila mtu anaona faili limeingia kupitia lango la kawaida. Hiyo inakulinda wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Kama IT wamekubali tovuti moja

Hapa unaweza kufungua mafaili kwenye brauza ya ofisi bila simu. Inataka kazi zaidi na inafaa kwa mwenye laptopu ya zamani ya kuweka Linux. Weka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, halafu sudo snap install nextcloud, utapata kitu kinachofanana na Google Drive lakini kiko sebuleni kwako. Ili kionekane nje bila kufungua poti tumia Cloudflare Tunnel ya kampuni ya Cloudflare, programu yao inaitwa cloudflared, nayo inatoka yenyewe kwenda nje kama nilivyoeleza. Utahitaji jina la tovuti, la .co.tz au lolote la bei nafuu. Nextcloud itakataa jina hilo mpaka uliandikishe:

sudo nextcloud.occ config:system:set trusted_domains 1 --value=faili.jinalako.co.tz

Mbele yake weka Cloudflare Access, ambayo inamtaka mtu athibitishe imeili kwa namba ya mara moja kabla hata hajauona ukurasa wa kuingia. Kwa hiyo wale roboti wanaishia nje. Ndani ya Nextcloud washa uthibitisho wa hatua mbili, tengeneza yuza wa pili asiye msimamizi anayeona folda ya ofisi tu, na huyo ndo utakayemtumia kazini. Usiingie kama msimamizi ukiwa kazini hata siku moja.

Mambo mawili ya kujua waziwazi. Kwa mpango wa bure wa Cloudflare huwezi kupandisha kitu kinachozidi MB 100 kwa mkupuo mmoja, kushusha hakuna shida hiyo. Na njia hii Cloudflare wako katikati, ufichaji unaishia kwao na unaanza upya, kwa hiyo kiufundi wanaweza kuona kinachopita. Kwa rasimu za ripoti sioni tatizo. Kwa nyaraka za siri za mteja au rekodi za hospitali sikubaliani nayo, baki na Tailscale.

Halafu kuna ofisi zenyewe. Maofisi mengi yana fayawoli inayofungua HTTPS katikati, inasoma, inafunga tena, na kompyuta ya kazini inakubali kwa sababu imewekewa cheti cha kampuni. Bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani kwenye brauza, angalia cheti kimetolewa na nani. Ukiona jina la ofisi yenu au jina la kampuni ya fayawoli kama Fortinet au Sophos, basi kila unachofungua pale kinasomeka, paswedi ikiwemo. Wana haki hiyo, mashine ni yao na mtandao ni wao, lakini wewe amua nini cha kufungua. Dirisha la incognito halibadilishi hilo, linafuta historia kwenye brauza tu. Ndo maana ya zile namba za mara moja, hata mtu akiinasa paswedi yako leo, kesho haimtoshi.

Ukimaliza toka kwenye akaunti, usifunge tu tabo, na faili ulilolipakua lifute kwenye folda ya Downloads pamoja na Recycle Bin.

Ya kuona skrini

Chrome Remote Desktop inakupa skrini nzima ya nyumbani ndani ya brauza kwa PIN ya tarakimu sita au zaidi, na RustDesk ni nzuri kwa anayetaka programu huria. Kwa mafaili mimi siipendekezi, inakula bando na inampa aliyeko upande wa pili mashine nzima badala ya folda moja. Tumia kama unahitaji programu iliyoko nyumbani tu, mfano ya mahesabu au ya kuchora, na kwa ruhusa. AnyDesk hivohivo, na mtu akikupigia simu akisema ni wa benki anaomba namba ya AnyDesk, kata simu hapohapo.

Ambayo ukishauriwa ukatae

Kuhamisha SSH kwenda poti 443 ili ipenye fayawoli ya ofisi. Inawezekana kiufundi, ila fayawoli za siku hizi zinatambua sio HTTPS, na ikionekana kwenye ripoti inaonekana umekusudia kukwepa, hakuna maelezo yatakayokuokoa. Kuwasha hotspoti ya simu na kuunganisha kompyuta ya ofisi huku waya wa mtandao wa ofisi bado umechomekwa, hapo umeunganisha mtandao wa ndani na wa nje kwenye mashine moja, ni hatari kubwa kuliko zote nilizotaja na watu wanaifanya kila siku. VPN za bure za Play Store ambazo hujui mwenyewe ni nani. Programu zilizokrakiwa. Na kuweka Tailscale kwenye laptopu ya ofisi kimyakimya kwa sababu una uwezo wa kuiweka, kuweza na kuruhusiwa ni vitu viwili.

Na usigeuze njia. Haya yote ni ya kuleta mafaili yako binafsi kazini, sio kubeba mafaili ya ofisi kwenda nyumbani. Hilo ni suala lingine kabisa na linahitaji ruhusa yake ya maandishi.

Simu ikiibiwa

Hii ifanyie mazoezi kabla haijatokea, maana ikitokea kwenye mwendokasi utakuwa umechanganyikiwa. Ukitumia kifaa kingine ingia ukurasa wa usimamizi wa Tailscale, chagua ile simu, iondoe, hapohapo inakatwa. Kwenye akaunti ya Google au Microsoft toa vifaa vyote na ubadilishe paswedi. Ukifika nyumbani ingia kama yuza ofisi, futa authorized_keys, tengeneza ufunguo mpya kwa simu mpya kama ulivyofanya mwanzo. Zile namba za akiba za uthibitisho wa hatua mbili ulizopewa siku ya kwanza ziwe zimeandikwa kwenye karatasi na zimehifadhiwa nyumbani, zikiwa kwenye simu iliyoibiwa hazikusaidii. Halafu fungua Event Viewer, nenda sehemu ya OpenSSH, "Operational", uangalie kama kuna aliyeingia tangu saa simu ilipopotea, na kama yupo, chukulia kila kilichokuwa kwenye C:\Ofisi kimeshasomwa na uanze kuwaarifu wanaohusika siku hiyohiyo.